Exetat: kurasa za mwisho za hesabu, hizo ndizo vita na migomo hukata kwanza

Kila mwaka, mwezi wa sita ukikaribia, wanafunzi finalisti wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza kutembea na makaratasi yaliyokunjwa mfukoni. Ni itemu za miaka iliyopita, zimepigwa fotokopi mara nyingi hadi alama nyingine hazisomeki. Kwa wale wa seksioni ya sayansi, karatasi zinazochakaa upesi ni za hesabu, na ndani ya hesabu ni zile za analizi: limiti, derive, primitivu na integrale. Ndizo zinazoogopwa kuliko zingine. Na ndizo zinazofundishwa mwisho.

Hilo la kufundishwa mwisho lingekuwa jambo dogo katika nchi ambayo mwaka wa masomo unaanza na kuisha kama kalenda inavyosema. Mashariki mwa Kongo sivyo. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo 2024-2025, walimu wa sehemu kadhaa waligoma wakidai mishahara bora. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Shule zilifungwa kwa muda, familia zikahama, walimu wengine wakavuka mpaka au wakaelekea upande mwingine wa nchi. Benki zilifungwa Goma na mishahara ikawa shida kupatikana. Madarasa yalipofunguliwa tena, hakuna aliyerudisha majuma yaliyopotea. Mtihani ulifanyika hata hivyo, na wanafunzi wa miji hiyo miwili wakakaa mbele ya karatasi zilizotungwa na Kinshasa, kama wenzao wa Matadi na Kananga.

Watu wakizungumzia hasara hiyo, mara nyingi husema wanafunzi wa mashariki "wamepoteza masomo", kana kwamba kila somo limepunguzwa kidogo kidogo. Ukweli ni mbaya zaidi. Mwalimu aliyepoteza majuma sita hapunguzi kila sura kwa kipimo sawa. Anaendelea pale alipoachia, anakimbia kadiri anavyoweza, na siku ikifika anafunga daftari. Kilichobaki nje ni sura za mwisho. Katika hesabu za mwaka wa nne wa humanite za sayansi, ule ambao wazazi wengi bado wanauita mwaka wa sita, mwishoni ndipo zinapokaa integrale. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kuwa anajua vizuri ekuesioni na trigonometria, lakini hajawahi kuona mtu akihesabu ukubwa wa eneo chini ya mstari uliopinda.

Na sura hizo haziwezi kurukwa kama mtu anavyoruka mashimo ya barabara. Integrale inasimama juu ya derive, derive inasimama juu ya limiti. Aliyepoteza limiti katika mwaka wa tatu kwa sababu ya vita atabeba shimo hilo hadi mwaka wa nne, hata kama mwaka huo wa nne umekwenda salama. Ndiyo maana hesabu za finalisti wa leo zinalipa madeni ya miaka miwili au mitatu nyuma.

Exetat ilianzishwa mwaka 1967, na tangu hapo nguvu yake imetoka kwenye jambo moja: ni mtihani mmoja kwa nchi nzima. Baada ya kazi za awali, ikiwemo insha ya Kifaransa, kuna siku nne za kawaida: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Karatasi za siku hizo nne ni za kuchagua jibu, na mashine ndiyo inasahihisha. Anayepata asilimia 50 anapata dipoloma ya serikali. Familia humpaka poda nyeupe kichwani, mtaa mzima unajua. Asiyepata atarudia mwaka, kama wazazi bado wana uwezo wa kulipa.

Muundo huo wa kuchagua jibu umebadilisha kabisa namna wanafunzi wanavyorudilia analizi, na si kila mara kwa ubaya. Tuseme swali linauliza primitivu ya x·e^x. Kitabu kinataka mwanafunzi atumie kanuni ya kuintegrali kwa sehemu, kanuni ambayo wengi huiona kama uchawi. Lakini majibu yameandikwa tayari chini ya swali. Aliyeerevuka haanzi na swali, anaanza na majibu. Anachukua (x − 1)·e^x na kutafuta derive yake: e^x kwanza, halafu kuongeza (x − 1)·e^x. Jumla ni x·e^x. Amepata. Anachukua lile jibu lingine lililowekwa kama mtego, x·e^x lenyewe, derive yake inatoa e^x zaidi, basi si hilo. Hakuiba, hakukisia. Ametumia ukweli wa msingi kuliko yote katika sura hiyo: primitivu na derive ni njia moja inayotembewa pande mbili.

Kwa finalisti ambaye shule yake haikufika mwisho wa programu, huu ndio mlango. Derive zina kanuni chache na zinafundishwa mapema. Akizishika kabisa, sehemu nzuri ya maswali ya primitivu inafunguka bila sura ile aliyokosa. Mwalimu mwenye majuma matatu tu mkononi angefanya vema kuweka nguvu hapo badala ya kukimbia juu ya kila ukurasa uliobaki.

Lakini mlango huo una kikomo chake. Swali likiomba namba, kwa mfano ukubwa wa eneo kati ya mistari miwili, hakuna kitu cha kuderive. Hapo anayejua njia ya mkato peke yake anabaki na bahati nasibu, nafasi moja kati ya majibu matano. Na siku akiingia chuo kikuu, katika polytechnique ya Lubumbashi au sayansi pale Kinshasa, hakuna tena majibu yaliyopangwa chini ya swali. Maprofesa wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo vizuri kuliko wizara.

Watunzi wa itemu nao si wajinga. Majibu ya uongo hayachaguliwi ovyo. Yanatengenezwa kutokana na makosa ambayo wanafunzi wanafanya kila mwaka, na hivyo anayefanya kosa la kawaida hukuta jibu lake limeandikwa pale, linamngoja. Derive ya (2x + 1)^5 ni 10(2x + 1)^4, kwa sababu kuna ile 2 ya ndani inayopaswa kutoka. Aliyeisahau atapata 5(2x + 1)^4, ataliona kwenye karatasi, atafurahi na kuliweka alama. Derive ya ln(3x) ni 1/x. Wengi wataapa kwamba ni 1/(3x), na hilo pia halitakosekana. Mwanafunzi anayekaririshwa kanuni bila kuonyeshwa makosa yake mwenyewe anaingia mtihanini akiwa na silaha nusu. Kuna walimu ambao, badala ya kutoa zoezi jipya, huandika ubaoni jibu baya na kuuliza darasa: huyu aliteleza wapi? Ni mbinu isiyohitaji kitabu wala umeme. Inashangaza kwamba haijaenea.

Limiti zina mtego wa namna nyingine. Mwanafunzi anaona (x² − 4)/(x − 2), anaambiwa x inakaribia 2, anaweka 2 na kupata sifuri juu ya sifuri. Wengine wanaandika sifuri, wengine moja, wengine wanasema haiwezekani. Hakuna aliye sahihi. Limiti haiulizi kinachotokea pale kwenye 2 penyewe, inauliza kinachotokea karibu yake. Weka 2,1: unapata 4,1. Weka 2,01: unapata 4,01. Namba zinakwenda kwenye 4, na ukirahisisha herufi unaona kwa nini, maana kinachobaki ni x + 2. Mtoto aliyewahi kufanya hesabu hiyo ndogo kwa mkono, mara moja tu, hasahau. Aliyepewa kanuni pekee, na kwa Kifaransa, anaisahau kabla ya Pasaka.

Hapo kuna suala la lugha, ambalo wakubwa wa elimu hupenda kulipita pembeni. Katiba ya 2006 inaitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo hesabu za sekondari ni Kifaransa kitupu, ubaoni na mtihanini. Hakuna anayedai kwa haraka kwamba Exetat itungwe kwa Kiswahili, na huenda isiwe busara wakati vitabu vyenyewe havipo. Lakini kati ya karatasi ya mtihani na maelezo ya mwalimu kuna tofauti kubwa. Derive ni mwendo wa mabadiliko, ni kusema kitu kinaongezeka au kupungua kwa haraka gani sasa hivi. Integrale ni kukusanya vipande vidogo vidogo hadi upate jumla. Maneno hayo yapo katika Kiswahili cha kila siku, na mwalimu anayeyatumia kwa dakika kumi hapotezi wakati.

Mfano wa moto unatosha kwa derive. Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilometa 25. Motari akitumia dakika 50, mwendo wake wa wastani ni kilometa 30 kwa saa. Lakini abiria aliyekaa nyuma anajua kwamba hakuna mahali walipotembea hivyo kwa utulivu. Mahali pa lami walikimbia, mahali pa mawe walitambaa. Wastani ni sehemu kubwa ya safari igawanywe kwa wakati wake. Derive ni mwendo wa papo hapo, ule ambao sindano ya kilometa ingeonyesha pale pale kama ingekuwa bado inafanya kazi.

Kwa integrale, bomba la maji ni bora. Katika mitaa ambako maji huja kwa saa, wanafunzi wameona maji yakipungua nguvu huku bidoni zikingoja. Tuseme bomba linaanza na litre 12 kwa dakika, nguvu inashuka taratibu kwa kipimo kilekile, na baada ya dakika 10 hakuna tena tone. Yalitoka maji kiasi gani? Aliyezidisha 12 kwa 10 anapata 120, na amekosea, kwa sababu bomba halikubaki na nguvu ya mwanzo. Ukichora mstari unaoshuka kutoka 12 hadi sifuri, eneo chini yake ni pembetatu: 12 mara 10, gawa kwa mbili, litre 60. Bidoni tatu za litre 20. Hiyo ndiyo integrale, na mwanafunzi ameipata kabla hata ya kuona ile alama ndefu inayofanana na herufi S.

Alama hiyo yenyewe ina ujanja wake unaowagharimu wengi. Integrale ya x kutoka −1 hadi 1 ni sifuri, maana sehemu iliyo chini ya mstari wa sifuri inahesabiwa kwa alama ya kutoa na inaimeza ile ya juu. Lakini swali likiuliza ukubwa wa eneo, jibu ni 1: nusu upande mmoja, nusu upande mwingine. Ni maswali mawili tofauti yenye maneno yanayofanana, na mwanafunzi ambaye Kifaransa chake ni cha kubahatisha ndiye anayeanguka.

Mtego wa mwisho unaostahili kutajwa ni ule wa kilele na bonde. Wanafunzi wamekariri kwamba derive ikiwa sifuri, mstari umefika juu kabisa au chini kabisa. Si lazima. Kwa x³, derive kwenye 0 ni sifuri, lakini mstari unapumzika kidogo na kuendelea kupanda. Kinachoamua ni derive kubadili alama, kutoka kujumlisha kwenda kutoa au kinyume, na ndiyo sababu walimu wanasisitiza ile tablo ya alama ambayo wanafunzi huiona kama kupoteza wino. Mahali ambapo somo hili linapendeza ni kwenye maswali ya kutafuta kilicho kikubwa zaidi. Familia ina waya wa mita 40 na inataka kuzungushia bustani ya mchicha, upande mmoja ukiegemea ukuta. Anayekata waya sawa kwa pande tatu atapata karibu mita mraba 178. Hesabu inasema tofauti: pande mbili fupi zikiwa x, eneo ni 40x − 2x², derive ni 40 − 4x, inakuwa sifuri x ikiwa 10, na kabla ya hapo ni ya kujumlisha, baada yake ni ya kutoa. Pande mbili za mita 10, moja ya mita 20, mita mraba 200. Waya ni uleule, mchicha umeongezeka.

Yote hayo yanaweza kufundishwa katika shule yenye ubao na chaki tu. Basi swali la siasa linabaki: kwa nini mtihani mmoja kwa watoto ambao hawakupata mwaka mmoja? Kuna wanaotaka maeneo ya vita yapewe mtihani wao, mwepesi au mfupi zaidi. Ni wazo la huruma lakini ni la hatari. Dipoloma iliyopatikana kwa mtihani wa peke yake itajulikana ilikotoka, na mwajiri wa Kinshasa au chuo cha nje kitaipima kwa jicho lingine. Katika nchi ambayo tayari imegawanyika kwa bunduki, kuigawanya pia kwa dipoloma kungekuwa kuwasaidia wanaoigawanya. Familia nyingi za mashariki zinashikilia mtihani wa taifa kwa sababu hiyohiyo: ni moja kati ya nyuzi chache zinazowaunganisha bado na Jamhuri.

Wizara ina njia ya katikati ambayo haigharimu mengi: kutangaza mapema, tangu mwezi wa kwanza, ni sura zipi za programu zitakazoulizwa, na kuzitangaza kwa nchi nzima. Mwalimu wa Masisi angejua aache nini na ashike nini badala ya kukisia. Mwanafunzi wa Kinshasa hangepoteza kitu, kwani maswali yangebaki mamoja. Waziri aliyeteuliwa mwaka 2024, Raïssa Malu, ni mwanafizikia, amekuwa mwandalizi wa Juma la Sayansi na Teknolojia mjini Kinshasa kwa miaka mingi, na hahitaji mshauri wa kumweleza kwamba integrale haifundishwi kwa majuma mawili kwa mtoto asiyejua limiti. Kutoka kwa waziri wa namna hiyo, hatua kama hii inaweza kudaiwa.

Redio nayo imewahi kusaidia. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kupitia kipindi cha Okapi École. Hesabu kwenye redio ni ngumu, kwa maana msikilizaji haoni mstari unaochorwa. Lakini mfano wa bidoni na ule wa moto vinasikika vizuri bila ubao, na mwalimu mzuri anaweza kusoma itemu moja taratibu na kueleza kwa nini kila jibu la uongo ni la uongo. Dakika kumi na tano jioni, kwa Kifaransa na Kiswahili, zingewafikia watoto ambao simu zao hazina megabaiti.

Kwenye simu hizo kuna biashara nyingine inayokua kila msimu. Vikundi vya WhatsApp vinauza "majibu" usiku wa kuamkia mtihani. Wanaonunua ni walewale ambao programu haikufika mwisho, na mara nyingi pesa ni ya mama aliyeuza makala au samaki wa juma zima. Karatasi za mtihani hugawiwa kwa serii tofauti, hivyo orodha ya majibu ambayo haina serii yake ni namba tupu, hata kama ingekuwa ya kweli. Na mara nyingi si ya kweli. Polisi na wakaguzi hukamata wachache, lakini soko hilo linalishwa na sura ambazo hazikufundishwa.

Kwa sasa maprefe wengi wanajipanga wenyewe. Shule moja inakopa mwalimu wa hesabu kwa jirani yake Jumamosi asubuhi, nyingine inawakutanisha finalisti wa shule tatu katika ukumbi wa parokia, wazazi wanachanga franga za usafiri wa mwalimu. Katika mipango hiyo jambo moja linabishaniwa sana: kama majuma yaliyobaki yatumike kumaliza programu au kurudilia kilichokwisha kufundishwa. Mkaguzi anayekuja kuangalia daftari la mwalimu atataka kuona programu imemalizwa. Mwanafunzi anayejua derive vizuri na integrale kidogo atapata alama nyingi kuliko yule aliyepitishwa juu ya kila kitu, na walimu wenye uzoefu wanalisema hilo waziwazi, mkaguzi akishaondoka.